Ushauri juu ya Dang'a na Unga Wake

Miongoni mwa bidhaa za siha zilizoingia katika miji yetu siku hizi umo unga wa dang'a ya ng'ombe, yaani maziwa yake ya kwanza baada ya kuzaa, uliokaushwa na kutiwa ndani ya mikebe na vidonge, ambao wauzaji wake huusifu kwamba huongeza kinga ya mwili, hutuliza tumbo lililochafuka, na huponya vidonda vya utumbo. Na wengine, kwa tamaa ya faida, huzidisha sifa hizo mpaka zikafika kwenye kisukari na saratani. Mtu wa Tabora akiletewa habari hiyo hana budi kuisikiliza kwa makini, kwa kuwa dang'a si kitu kigeni kwake. Wazee wake waliijua zizini kabla mkebe wa kwanza haujavuka bahari, na nchi yake ya Unyanyembe, ambako misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika na kujaza posho upya, ilikuwa na ng'ombe wa watemi na wa Waarabu, wengi wao wakichungwa na Watusi waliohamia huko. Kwa sababu hiyo yafaa tuitazame dang'a kwa tartibu, tujue ni nini, ni ya nani, na huyo anayetaka kuinunua kwa fedha zake atarajie nini. Neno ninalotaka kulithibitisha ni moja: dang'a ni neema kubwa sana, lakini ina mwenyewe na ina saa yake, na wengi wanaoitafuta mkebeni wameipoteza pale ilipokuwa inapatikana bure.

Tuanze na ndama, maana yeye ndiye anayetuonyesha kazi ya dang'a bila ya kificho. Katika jinsi ya ng'ombe kondo la nyuma haliruhusu kingamwili za mama kupita kwenda katika damu ya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ndama huja duniani damu yake ikiwa karibu tupu ya ulinzi, na yote ambayo mwili wa mama yake uliyajifunza kwa miaka ya kupambana na vijidudu vya zizi lile humngoja ndani ya kiwele. Dang'a ya mkamuo wa kwanza ina protini yapata gramu 14 katika gramu 100, ilhali maziwa ya kawaida yana gramu 3 na kidogo. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ni kingamwili, na dang'a iliyo njema huwa na gramu 50 au zaidi za aina iitwayo IgG katika kila lita. Utumbo wa ndama, kwa hekima ya Muumba, huwa wazi katika saa zake za kwanza, ukazipokea kingamwili hizo zikiwa nzima na kuziingiza katika damu. Lakini uwazi huo huanza kuziba mapema, na saa 24 zikipita umekwisha kuziba kabisa, hata mfugaji akimnywesha ndama ndoo nzima, kingamwili zitafanya kazi ndani ya utumbo tu, wala hazitaingia tena katika damu.

Kwa hiyo mfugaji wa Nzega, wa Igunga au wa Uyui anayepoteza ndama kwa kuhara katika wiki mbili za mwanzo aanze uchunguzi wake katika saa ile ya kuzaliwa, kabla hajakwenda duka la dawa za mifugo. Kipimo kinachotegemewa ni moja ya kumi ya uzito wa ndama ndani ya saa 6: ndama wa ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 20 apate lita 2, na chotara mwenye kilo 35 apate lita 3 na nusu. Ndama wa asili aghalabu hujinyonyesha mwenyewe akiachwa na mama yake, lakini kumwacha si kumsahau. Mtazame: aliye mzima huinuka katika saa moja au mbili, huyumba, hutafuta katikati ya miguu ya mbele kabla ya kugundua kwamba amekosea upande, kisha hukigonga kiwele kwa pua, mkia ukaanza kutikisika, na povu jeupe likamtoka pembeni mwa mdomo. Asiyefikia hapo mpaka saa ya nne akamuliwe mama yake, chuchu zikiwa zimeoshwa na kukaushwa, naye anyweshwe kwa chupa safi yenye chuchu ya mpira, taratibu, kichwa kisiinuliwe mno asije akapaliwa. Wako wanaomfunga ndama wakingoja kondo la nyuma litoke, na wako wanaokamua mkamuo wa kwanza wakaumwaga chini kwa kuuona mchafu. Desturi zote mbili zaua ndama, na ya kwanza ina hasara mara mbili, kwa sababu ndama akinyonya humsaidia mama yake kulitoa kondo.

Lipo jambo lingine ambalo wanunuzi wa mitamba wenye mimba hughafilika nalo. Ng'ombe huweka katika dang'a kinga ya maradhi aliyokutana nayo mwenyewe. Mtamba aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali siku chache kabla ya kuzaa ana dang'a nzuri kwa zizi alilotoka na pungufu kwa zizi alilofikia. Basi aletwe mapema, mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, ili mwili wake upate kuvijua vijidudu vya zizi jipya. Ikiwa jambo hilo limekwisha kupita, dang'a ya ng'ombe mkongwe wa zizi lile lile, aliyezaa karibuni na asiye na ugonjwa wa kiwele, yafaa kumsaidia ndama huyo. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye mkebe.

Elimu ya mambo haya haikuanza jana. Mwaka 1892 Mjerumani Paul Ehrlich aliwazoeza panya majike sumu itokayo katika mbegu za nyonyo na za tipitipi, mpaka ikawa haiwadhuru, kisha akabadilisha watoto: wale waliozaliwa na mama asiyezoezwa akawapa mama aliyezoezwa wanyonye kwake. Watoto hao wakapata kinga ya sumu ambayo mama yao mzazi hakuwa nayo, na hapo ikathibitika kwamba kinga hupita kwa maziwa. Katika miezi ile ile majeshi ya serikali ya Ehrlich yalikuwa yakipigana na Mtemi Isike hapa Tabora, na ngome yake ikaanguka Januari 1893. Nchi moja ilituletea mizinga upesi, na elimu hii ya kunyonyesha ikachukua miongo mingi kufika katika vijiji vyetu.

Sasa tuje kwa binadamu, ambaye mambo yake hayafanani kabisa na ya ndama. Kondo la nyuma la mwanamke huruhusu kingamwili za IgG kumfikia mtoto kabla hajazaliwa, kwa hiyo mtoto wa mtu hazaliwi mtupu kama ndama. Dang'a ya mama ina kazi nyingine: imejaa kingamwili za aina ya IgA, ambazo hazihitaji kuingia katika damu, bali hutanda juu ya ngozi laini ya koo na utumbo na kuwazuia vijidudu wasishike; ina vitamini A kwa wingi; nayo hulainisha tumbo likatoa kile kinyesi cha kwanza cheusi. Katika siku ya kwanza dang'a hiyo ni vijiko vichache tu vya chai, na uchache huo ndio unaowatia akina mama hofu, wakadhani mtoto analala na njaa, hali tumbo lake nalo ni dogo kwa kadiri ile ile.

Basi wewe bibi uliyekaa na mzazi chumbani, ambaye neno lako lasikilizwa kuliko la muuguzi, nakusihi kwa heshima: mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, na ile dang'a ya manjano isikamuliwe ikamwagwa, wala isitanguliwe na maji ya sukari, wala uji mwepesi, wala dawa ya mitishamba ya kusafisha tumbo, kwa sababu dawa ya kusafisha tumbo ni ile ile dang'a. Mzazi aliyepasuliwa, asiyeweza kukaa, asaidiwe kukamua kwa mkono katika kijiko safi, na mtoto apewe tone kwa tone. Katika nyumba za Waislamu, ambazo Tabora inazo nyingi tangu enzi ya misafara, yako mambo ya tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kinywani tende iliyotafunwa. Hiyo ni sunna, nami sisemi iachwe, nasema titi litangulie, mikono na kinywa cha anayeifanya viwe safi, nayo iwe chembe ya kugusa ufizi, isigeuke kuwa mlo. Sura ya Baqara yenyewe yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Mama mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa zake kila siku naye hunyonyesha, kwa maelekezo ya kliniki, na mtoto hupewa dawa yake ya kinga. Asiwepo mtu wa kumwambia amwage dang'a yake. Baada ya hapo ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie, na dang'a ya ng'ombe, iwe mbichi, iwe ya kuchemsha, iwe ya unga, haina nafasi yoyote katika kinywa cha mtoto huyo.

Ndama akishashiba na ikabaki ziada, hasa kuanzia siku ya pili, dang'a ni chakula cha nyumba, na chakula kizuri. Hapa ndipo baadhi ya watu, waliosikia sifa za mkebe, hujiambia kwamba wao wanayo ya asili na wataipiga kikombe ikiwa mbichi ili kinga isiuawe na moto. Hilo nalikataza kwa nguvu zote. Brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, hutoka kwa wingi katika maziwa ya ng'ombe aliyezaa au kutupa karibuni, nao humshika mtu kwa homa ya kuja na kwenda, jasho la usiku na maumivu ya viungo, akatibiwa malaria miezi kadhaa bila kupona; kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo dang'a ichemshwe. Ukiiweka motoni peke yake utaona haitokoti kama maziwa: hushika chini upesi, hufanya chembechembe pembeni mwa sufuria, kisha huganda yote kama yai lililoiva. Ndiyo sababu wapishi hodari huichanganya na maziwa ya kawaida mara mbili au tatu ya kiasi chake, wakatia sukari na iliki, wakafunika chombo na kukiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji yachemkayo mpaka ikashikana, ikaliwa kwa kukatwa vipande. Kingamwili nyingi zimeharibika kwa moto, ni kweli, lakini protini ipo, vitamini A ipo, na mtoto mchungaji aliyekula kipande hicho amekula vizuri. Ikiwa ng'ombe alipigwa sindano ya dawa karibu na kuzaa, au alitiwa dawa ya kiwele alipokaushwa, mwulizeni daktari wa mifugo siku za kungojea kabla ya mtu yeyote kula.

Wala dang'a isiwekwe. Msafiri Livingstone alipokuwa Kwihara, hapa hapa Unyanyembe, mwaka 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani, alijitengenezea jibini kwa ajili ya safari, na maziwa yaliganda yenyewe kwa nusu siku tu bila ya kutiwa kitu. Joto la Unyanyembe ni lile lile. Pasipo friji dang'a ipikwe muda ule ule ilipokamuliwa, na ile anayowekewa ndama mwingine igandishwe kwenye friji ya barafu, nayo siku ya kuyeyushwa iwekwe katika maji ya vuguvugu ambayo mkono waweza kuyavumilia, kwa sababu maji ya moto huiharibu.

Tumefika kwenye mkebe. Muuzaji husema: ndama hupata kinga kwa dang'a, nawe utapata kinga kwa dang'a. Msomaji aliyefuata maelezo ya juu ameshaona kasoro. Utumbo wa mtu mzima haukuwa wazi jana wala leo. Kingamwili alizomeza humeng'enywa kama protini nyingine, zikabaki chache za kufanya kazi ndani ya utumbo kabla ya kutoka. Hakuna zinazoingia katika damu yake zikamlinda na mafua, wala malaria, wala kitu kingine cha mwilini kwa namna ile ya ndama. Na lile jambo nililoomba liwekwe akilini: ng'ombe huweka kinga ya maradhi aliyokutana nayo, na unga huu aghalabu watoka kwa ng'ombe wa nchi za mbali zenye viwanda vikubwa vya maziwa, ambao hawajaona zizi la Sikonge wala kisima cha Urambo.

Hata hivyo haki yatudai tuseme lililothibitika. Mwaka 1988 matabibu wa Marekani waliwachanja ng'ombe kwa makusudi dhidi ya bakteria fulani wa kuharisha, wakatengeneza kingamwili kutokana na maziwa yao, kisha wakawanywesha watu waliojitolea bakteria hao hao: katika 10 waliopewa kingamwili hakuhara hata mmoja, na katika 10 wasiopewa walihara 9. Hilo ni jambo kubwa, lakini zingatia kwamba ng'ombe hao walichanjwa kwa adui yule yule aliyetarajiwa, na unga wa kawaida wa dukani hautengenezwi hivyo. Mwaka 2001 Playford na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba dang'a iliwakinga watu wachache wenye afya na madhara ya indometasini, dawa ya maumivu inayochubua utumbo, kwa siku chache. Lakini waliokuwa wakitumia dawa za jinsi hiyo kwa muda mrefu hawakuona tofauti. Majaribio madogo kwa wanariadha wenye mazoezi mazito yaashiria kwamba huenda mafua yakawapata mara chache zaidi. Huko Malawi watoto wa miezi tisa waliopewa kwa wiki kadhaa unga wa dang'a pamoja na unga wa mayai walidumaa kwa uchache kuliko wenzao, ingawa kipimo cha utumbo chenyewe hakikubadilika, wala haikujulikana ni kiasi gani kilifanywa na yai. Nikiyapima yote hayo, naona unga huu ni protini nzuri yenye manufaa madogo kwa utumbo katika hali chache, na bei yake imepangwa kwa manufaa ambayo haujayathibitisha.

Mwenye kutaka kununua baada ya kuyajua haya ni hiari yake, ila atahadhari. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umo mikononi mwa TBS na dawa zimo mikononi mwa TMDA. Bidhaa isiyo na usajili, au inayojiita chakula huku ikidai kuponya maradhi kwa majina, iachwe juu ya meza ya muuzaji. Unga wenye jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha, na kiasi cha IgG kilichoandikwa ndio unaoweza kuulizwa swali. Mtu ambaye maziwa ya ng'ombe humtoa vipele au humbana pumzi asiuguse. Mwenye saratani, mjamzito, na mwenye ugonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza protini, wamwulize daktari kwanza. Mwanariadha wa mashindano afahamu kwamba dang'a ina viambata vya ukuaji vinavyoweza kumtia mashakani katika vipimo. Na hakuna, narudia hakuna, dawa ya Ukimwi, ya kifua kikuu, ya kisukari au ya sikoseli inayoachwa kwa sababu mkebe umefunguliwa. Mauti yaliyokuja kwa njia hiyo si ya kudra peke yake.

Kwa aliye na fedha kidogo, na hao ndio wengi wetu, bei ya mkebe mmoja aghalabu ingenunua trei za mayai, na maziwa ya mgando ya kila siku, ambayo bakteria wake wa kugandisha ni rafiki wa tumbo na hayahitaji kuvuka bahari. Kunde, mlenda, matobolwa na karanga za mashamba yetu hulilisha tumbo nyuzinyuzi linazozihitaji. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na choo kiwe na maji na sabuni mlangoni: misafara ya zamani ilizika watu wengi kando ya njia hii kwa kuhara damu na kipindupindu, na maradhi hayo bado yanapita kwenye maji na mikono. Watoto wapelekwe chanjo, pamoja na ile ya rota inayotolewa nchini tangu 2013. Mtoto akihara apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, na aendelee kunyonya.

Na ambaye amekwisha kununua, atumie kitu hicho kimoja peke yake kwa wiki nne, asichanganye na dawa nyingine mpya, aandike hali ya tumbo lake kila jioni, na wiki zikiisha bila tofauti aache, asikubali kuambiwa kwamba mkebe wa pili ndio utakaofanya kazi. Kuhara damu, homa isiyoshuka, kupungua mwili bila sababu, au kuhara kunakopita wiki mbili ni mambo ya kwenda zahanati siku ile ile, na karatasi ya rufaa ikitolewa, hospitali ya Kitete ipo pale mjini Tabora. Aende na mkebe wake mkononi, ili daktari asome kilichoandikwa juu yake.